Pamba Kwanza, Watu Baadaye

Merikani, ile nguo ya pamba isiyopaushwa iliyouzwa Unguja na kubebwa na wapagazi mpaka Tabora na Ujiji katika karne ya 19, ilifumwa mbali sana na mwambao wetu. Ilitoka katika viwanda vya Massachusetts na majimbo jirani ya kaskazini-mashariki ya Marekani, ikapakiwa katika merikebu za Salem, na baada ya mkataba wa mwaka 1833 kati ya Sayyid Said na Marekani ikawa miongoni mwa bidhaa kubwa za soko la Unguja. Viwanda hivyo vilikuwa majengo marefu ya ghorofa nne au tano, matofali nje na mbao ndani. Sakafu zake zilikuwa zimenyonya mafuta ya mitambo kwa miaka, vumbi la pamba lilielea hewani na kutanda juu ya kila boriti, na usiku kazi iliendelea kwa mwanga wa taa za mafuta. Cheche moja kutoka kwenye ekseli iliyopata moto ilitosha kuteketeza mali ya maisha mazima kabla wenye ndoo hawajafika ngazini. Ndani ya majengo hayo ndimo kilimokulia chombo ambacho leo tunakiona darini katika hoteli na maduka makubwa bila kukitazama mara mbili: kinyunyizio cha maji kinachojifungua chenyewe moto unapowaka.

Historia ya chombo hiki kwa kawaida husimuliwa kama orodha ya wavumbuzi na tarehe za hataza zao. Naona masimulizi hayo yanaliacha jambo lililo kubwa zaidi. Kinyunyizio kilikuwa tayari, kimejaribiwa na kinafanya kazi, miongo kadhaa kabla ya mioto mikubwa ya karne ya 20 iliyoua mamia ya watu chini ya dari zisizokuwa nacho. Ujuzi haukukosekana. Kilienea pale ambapo mtu aliyepata hasara jengo likiungua ndiye huyohuyo aliyekuwa na uamuzi wa kufunga mabomba au kuacha kuyafunga. Pale ambapo watu hao wawili walikuwa tofauti, chombo hakikufika, au kilifika baada ya maziko. Na kwa muda mrefu mwenye hasara na mwenye uamuzi walikutana katika mtu mmoja tu, mwenye pamba.

Hamu ya kuzima moto kwa mtambo ni ya zamani kuliko viwanda hivyo. Mwaka 1723 mkemia Ambrose Godfrey alipata hataza London ya pipa la maji lenye baruti ndani yake. Baruti ilipolipuka, maji yalitawanyika juu ya moto. George William Manby, aliyeshuhudia watu wa Edinburgh wakishindwa kuufikia moto ghorofani, alitengeneza mtungi wa shaba wenye maji yaliyochanganywa na potashi na hewa iliyoshindiliwa, na mitungi tunayoitundika ukutani leo ni wajukuu wa mtungi ule. Mwaka 1812 jumba la michezo la Drury Lane, lililokuwa limeteketea miaka mitatu kabla, lilifunguliwa upya London likiwa na mabomba yenye matundu yaliyobuniwa na William Congreve. Mabomba ya aina hiyo yalifika Lowell, Massachusetts, ambako mhandisi wa mifereji James B. Francis aliyasambaza viwandani. Lakini yalihitaji mtu wa kufungua maji, na yakifunguliwa yalilowesha chumba kizima, palipo na moto na pasipo na moto. Matundu nayo yaliziba kwa kutu na vumbi la pamba.

Mabadiliko yaliyofungua njia hayakutoka kwa fundi. Yalitoka kwa mteja wa bima aliyekasirika. Zachariah Allen alikuwa na kiwanda karibu na Providence, Rhode Island, na alikuwa amekijenga kwa uangalifu usio wa kawaida: milango mizito ya kuzuia moto, pampu, mabomba ya maji. Aliwaendea watu wa bima kuomba ada yake ipunguzwe kwa kuwa hatari yake ilikuwa ndogo. Walikataa. Kwao kiwanda cha pamba kilikuwa kiwanda cha pamba, na waangalifu walichangia hasara za wazembe. Mwaka 1835 Allen na wenye viwanda wenzake wakaanzisha bima yao wenyewe, ya kuchangiana. Kila mwanachama alikuwa mwenye kukata bima na mwenye kulipa fidia kwa wakati mmoja, na kilichobaki mwisho wa mwaka kilirudishwa kwa wanachama. Nalitaja jambo hili kwa urefu kwa sababu kila kilichofuata kinaegemea hapa. Katika bima ya namna hiyo, kiwanda cha jirani kikiungua ni mfuko wako unaopungua. Ukaguzi wa kiwanda cha mwenzako haukuwa udadisi tena, ulikuwa haki yako. Vyama vya aina hii vilipozidi, vikaanza kutuma wakaguzi, kufanya majaribio, na kumkatalia uanachama yeyote aliyepuuza mashauri yao.

Basi wavumbuzi walipokuja, walimkuta mnunuzi anawasubiri. Philip W. Pratt wa Abington, Massachusetts, alipata hataza ya kinyunyizio cha kujifungua mwaka 1872. Miaka miwili baadaye Henry S. Parmelee wa New Haven, Connecticut, aliyekuwa na kiwanda cha piano, alipata hataza ya chombo kilichofanya kazi kweli, na alikitengeneza kwa ajili ya kulinda kiwanda chake mwenyewe. Kichwa cha Parmelee kilifunikwa kwa kofia ya shaba iliyoshikwa kwa lehemu inayoyeyuka kwa joto dogo. Kasoro yake ilikuwa moja: maji ndani ya bomba yaliigusa ile lehemu na kuipoza, kwa hiyo moto ulipata muda wa kukua kabla kofia haijaachia. Frederick Grinnell wa Providence, aliyekuwa akiyatengeneza mabomba ya Parmelee kwa leseni, alilishughulikia tatizo hilo na mwanzoni mwa miaka ya 1880 akatoa kichwa chake.

Inafaa kukitazama kichwa hicho kwa karibu, maana umbo lake la msingi halijabadilika sana hadi leo. Tundu la maji limezibwa kwa kizibo kidogo. Kizibo kinashikiliwa na vikono vya shaba, navyo vimeunganishwa kwa tone la lehemu lililowekwa mbali na maji, likining'inia hewani ambako joto hulifikia upesi. Lehemu hiyo ni mchanganyiko wa bismathi, risasi, bati na kadimi, na huyeyuka kwenye nyuzi 70 hivi za selsiasi, wakati maji yenyewe bado hayajachemka. Ikiyeyuka, vikono vinaanguka, kizibo kinaruka, na maji yanagonga kisahani chenye meno kinachoyatawanya kama mvua. Hakuna umeme wala mlinzi anayeitwa. Katika miaka ya 1920 lehemu ilipata mwenzake, kichupa cha kioo chenye kimiminika kinachotanuka kwa joto hadi kioo kinapasuka. Kimiminika chekundu hupasua kichupa kwenye nyuzi 68, cha manjano 79, cha kijani 93. Muhimu kuliko yote, kila kichwa kinaamua peke yake. Kilicho juu ya moto kinafunguka, kilicho upande wa pili wa chumba kinabaki kimefungwa.

Ushahidi kwamba fedha ya bima ndiyo iliyokibeba chombo hiki uko wazi zaidi Uingereza, kwa kuwa huko mtu alijaribu kukiuza kwanza bila fedha hiyo. George, ndugu yake Parmelee, alivuka bahari kuwashawishi wenye viwanda vya pamba vya Lancashire. Mjini Bolton aliwasha moto kwa makusudi mbele ya watazamaji ili waone maji yakishuka yenyewe na kuuzima. Waliona, wakaridhika, lakini wengi hawakununua. Kila mmoja aliuliza kama ada yake ya bima itapungua kiasi cha kurudisha gharama ya mabomba, na Parmelee hakuwa na jibu kwa sababu makampuni mengi ya bima hayakutaka kutoa punguzo. Mambo yaligeuka pale bima ya kuchangiana ya Manchester ilipokubali, na mtu wake John Wormald akaandika mwaka 1885 kanuni za kufunga vinyunyizio, za kwanza za aina yake. Kampuni ya Mather & Platt, iliyokuwa imepata haki ya kichwa cha Grinnell, ilianza kukifunga kiwanda baada ya kiwanda. Ukipita Bolton au Oldham leo utaona minara ya viwanda vya zamani, jina la kiwanda limeandikwa juu kwa matofali meupe. Mingi kati ya minara hiyo ilibeba tangi la maji ya vinyunyizio, lililopandishwa juu ya dari zote ili maji yashuke kwa uzito wake hata pampu zikisimama. Mwenye kiwanda aliyehesabu kila senti alijenga mnara mzima kwa ajili ya maji ambayo huenda asingeyatumia maishani, kwa kuwa hesabu zake zilimwambia anapata faida.

Upande wa Marekani nako kanuni zilizidi kiasi cha kugongana. Karibu na Boston kulikuwa na kanuni tisa tofauti za ukubwa wa mabomba na nafasi kati ya vichwa. Watu wa bima na wa vinyunyizio walikutana kuziunganisha, na mkutano wao ukazaa mwaka 1896 chama cha taifa cha kukinga moto, NFPA, ambacho viwango vyake vinanukuliwa hadi leo na wahandisi wa Nairobi na Dar es Salaam. Kwa hiyo ilipoanza karne ya 20 kila kitu kilikuwepo: chombo, mafundi, kanuni, wakaguzi, na rekodi ya miaka ya viwanda vilivyonusurika. Lazima pia tukiri jambo moja kwa haki. Wafanyakazi wa viwanda vyenye vinyunyizio walikuwa salama kuliko wenzao, ingawa si wao waliofikiriwa. Maji yaliyokusudiwa marobota yaliwalinda nao.

Desemba 30, 1903, jumba la michezo la Iroquois mjini Chicago, lililokuwa limefunguliwa wiki tano tu kabla na kutangazwa kuwa haliungui, liliwaka wakati wa onyesho la mchana. Walikufa watu 602, wengi wao wanawake na watoto. Jukwaani palikuwa na mirija ya unga wa kurushia moto kwa mkono, na ule unga haukufika juu yalipokuwa mapazia yanayowaka. Vinyunyizio havikuwepo. Machi 25, 1911, kiwanda cha nguo cha Triangle mjini New York kiliungua katika ghorofa ya 8, ya 9 na ya 10. Walikufa watu 146, wengi wakiwa wasichana wahamiaji wa Kiyahudi na Kiitaliano. Mlango mmoja wa ghorofa ya 9 ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, na ngazi za zimamoto ziliishia ghorofa ya 6. Silaha dhidi ya moto zilikuwa ndoo za maji. Lile jengo lenyewe, lililojengwa lisiungue, lilibaki limesimama, na lipo hadi leo likitumika kama madarasa ya chuo kikuu.

Hapa msomaji makini atanipinga: Triangle ilikuwa na bima. Kama bima ndiyo iliyoleta vinyunyizio Lowell na Bolton, mbona haikuvileta New York? Pingamizi hili ni zuri, na jibu lake linaisafisha hoja. Wenye viwanda vya pamba walijikatia bima wao kwa wao, na hasara ilibaki ndani ya nyumba. Bima za warsha za New York ziliuzwa na mawakala waliolipwa kamisheni kwa ukubwa wa ada, hivyo wakala hakuwa na sababu ya kuipunguza hatari. Wenye Triangle walilipwa na bima kuliko hasara waliyothibitisha. Mahakamani waliachiwa huru Desemba 1911, na mwaka 1914 familia zilizowashtaki kwa madai zilikubaliana fidia ya dola 75 kwa kila marehemu. Kwa bei hiyo ya uhai, hakuna hesabu ambayo ingemshauri mfanyabiashara anunue mabomba. Bima peke yake si kinga. Inakuwa kinga pale anayelipa anapoumia na anapokuwa na sauti juu ya jengo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: sheria. Wengine watasema mwisho wa yote ni machozi ya umma yaliyoleta vinyunyizio kwa watu, kwa kuwa kila baada ya msiba bunge lilikaa na kuandika. Ni kweli, na sina nia ya kuudharau mchango wa wale walioandamana mitaani New York mwaka 1911. Lakini angalia jinsi sheria hizo zilivyokwenda. Kila moja ilifunika aina ya jengo lililokwisha kuua. Baada ya viwanda, ikaja klabu ya Cocoanut Grove mjini Boston, Novemba 28, 1942, watu 492. Ikaja hoteli ya MGM Grand mjini Las Vegas, Novemba 21, 1980, watu 85, katika jengo lililokuwa na vinyunyizio sehemu fulani tu. Na sheria mpya kwa kawaida ilisamehe majengo ya zamani, yaliyokuwa ndiyo hatari zaidi. Mfano unaoniuma kuliko yote ni wa Februari 20, 2003, katika klabu ya muziki iitwayo The Station. Fataki za jukwaani ziliwasha sponji iliyobandikwa ukutani, na watu 100 wakafa. Jengo lilikuwa la mbao, la zamani, lililosamehewa vinyunyizio. Baadaye taasisi ya viwango ya Marekani ilijenga mfano wa jukwaa lile na kuuchoma mara mbili, bila vinyunyizio na ukiwa navyo. Ukiwa navyo, moto ulidhibitiwa. Klabu hiyo ilikuwa West Warwick, mji uliokua kwa viwanda vya pamba, jimbo la Rhode Island, mwendo mfupi kutoka Providence ya Allen na Grinnell. Zaidi ya miaka 120 baada ya kichwa cha Grinnell, katika jimbo lake mwenyewe, maji yalikuwa bado hayajawafikia watu.

Mapingamizi mengine nitayapita haraka. Wapo wanaohofia kwamba cheche moja itafungua vichwa vyote na kuharibu kila kitu, kama filamu zinavyoonyesha. Nimekwisha kueleza kwamba kila kichwa hufunguka peke yake, na katika mioto mingi vichwa vichache tu ndivyo hufanya kazi yote. Wapo wanaosema mitungi inatosha. Mtungi ni chombo chema, na karne mbili zimeuboresha kwa povu, gesi ya kaboni na unga mkavu. Lakini mtungi unamtaka mtu aliye macho, aliye karibu, anayejua pini iko wapi, na asiyekimbia. Usingizini hakuna mtu wa namna hiyo.

Neno usingizi linatuleta nyumbani. Mwaka 2007 Tanzania ilipata Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na mwaka huohuo Kenya ikatoa kanuni za kupunguza hatari ya moto mahali pa kazi. Karatasi zipo. Orodha ya misiba nayo ipo: mabweni ya Shauritanga, Kilimanjaro, mwaka 1994, wasichana zaidi ya 40, Kyanguli, Machakos, mwaka 2001, wavulana 67, Endarasha, Nyeri, Septemba 2024, watoto 21. Kinyunyizio kisingeondoa kila kosa katika mioto hiyo. Kyanguli ilimwagiwa petroli, na mlango uliofungwa na nondo za madirishani huua hata penye maji. Lakini uliza swali lile ambalo wenye viwanda vya Lancashire walimuuliza Parmelee, nani hapa atapata unafuu wa fedha akifunga mabomba, na jibu ni kwamba hayupo. Magodoro na vitanda vya chuma ni mali ya bei ndogo. Anayepata hasara isiyopimika ni mzazi, naye hana sauti kwenye ramani ya bweni.

Nitaambiwa kwamba nchi zetu ni maskini na maji ya bomba hayaaminiki. Lancashire haikuyategemea maji ya bomba, ilijenga matangi juu ya minara, na sisi tayari tumezoea kupandisha tangi juu ya kila jengo. Kinachobaki ni kupiga hesabu ya ujazo na kuuhifadhi kwa moto peke yake. Vinyunyizio vya majengo ya kulala vinahitaji maji kidogo kuliko vya maghala, ndiyo maana Wales imeweza kuvilazimisha katika kila nyumba mpya tangu Januari 2016. Gharama ipo, sikatai. Lakini bweni la ghorofa moja si mnara wa hoteli, na mabomba yanayowekwa wakati jengo linajengwa ni nafuu kuliko yanayofungwa baadaye.

Soko la Kariakoo lilipoungua Julai 2021, Tanzania ilichukua hatua ambayo Zachariah Allen angeielewa: Sheria ya Fedha ya mwaka 2022 ilifanya bima kuwa ya lazima kwa masoko ya umma na majengo ya biashara. Ni hatua njema, na imeanza palepale historia inapoanzia siku zote, kwenye mali. Wabunge wa Dodoma na wa Nairobi waongeze mabweni. Bima hiyo imlipe mzazi fidia inayomuuma mtoaji, itoe punguzo la wazi kwa shule yenye vinyunyizio na milango inayoweza kufunguliwa kutoka ndani, na impe mtoa bima haki ya kukagua bila taarifa. Watoto walio bwenini usiku huu wanastahili angalau kile ambacho marobota ya pamba yalipewa Bolton mwaka 1885.